Jinsi ya kumchagulia binti yako jina: mwongozo kamili, toka listi ya kwanza mpaka cheti

Nesi alikuwa amesimama na kalamu mkononi, mtoto ana masaa kama manane tu tangu azaliwe, akauliza "haya, anaitwa nani?" na mimi na mama yake tukabaki tunatazamana. Kwenye simu tulikuwa na listi ya majina 61, na hakuna hata moja tulilokuwa tumekubaliana. Basi nesi akaandika "mtoto wa kike wa" halafu jina la mama yake, tukarudi nyumbani na binti tunamuita bebi, siku kumi na moja nzima, na kila anayepiga simu kupongeza anauliza jina na sisi tunajiumauma. Iliniuma kweli. Kwa binti wa pili tukajipanga, na haya ninayoandika ndo tuliyofanya pamoja na niliyojifunza kwa wengine.

Kosa letu kubwa mara ya kwanza lilikuwa kuyasoma majina kwenye skrini tu. Tulikuwa hatuyaiti. Na jina kazi yake ni kuitwa, litaitwa toka jikoni, litaitwa darasani, litaitwa kwenye foleni na mtu asiyemjua, kwahiyo karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye kulitoa jina mdomoni na kusikia linavyokaa.

HATUA YA 1: Anzeni mapema na mjue nani anaamua

Mwezi wa tano au wa sita wa mimba ni muda mzuri. Kipimo cha ultrasaundi cha wiki ya 18 mpaka 22 mara nyingi kinaonyesha jinsia, ila hukosea pia, kwahiyo hata kama daktari kasema ni wa kike wekeni na jina moja la kiume pembeni, msije mkaanza upya mkiwa mmechoka na hamjalala.

Kabla ya jina lolote kutajwa, wazazi kaeni mkubaliane mambo mawili. La kwanza, kila mzazi ana kura ya turufu: akisema hilo hapana, linafutwa, hadaiwi maelezo. Mara nyingi sababu mtu hawezi hata kuisema, labda ni jina la mtu aliyemtesa shuleni, labda halipendi tu, na ukimlazimisha ajieleze mnaishia kwenye ugomvi usiohusiana na mtoto. La pili, wakwe, mashangazi, mawifi, marafiki, hao wote wanapendekeza, hawapigi kura. Waambieni hivyo mapema na kwa adabu, "tunaomba majina mnayoyapenda tuyaweke kwenye listi yetu". Mtu mzima akiombwa vizuri anafurahi, na jina lake lisipochukuliwa hasikii kama kadharauliwa.

Halafu ulizeni sheria ya mahali mlipo inatoa muda gani wa kuandikisha mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto aandikishwe mara tu baada ya kuzaliwa na ana haki ya jina tangu anapozaliwa, ila siku kamili inategemea nchi. Ijue tarehe yenu, iandikeni ukutani.

HATUA YA 2: Kusanya majina kwa maana yake

Hapa ndo pazuri, na ndo sehemu ambayo wengi wanaikimbilia vibaya, wanagugo "majina mazuri ya kike" wanapata listi ya mia tano wanachanganyikiwa. Anza na maana. Jiulizeni mnataka mtoto wenu aitwe nini kwa maana, ni shukrani? ni nuru? ni amani? ni furaha baada ya kusubiri sana? Ukishapata maana, majina yanakuja yenyewe, tena kwa lugha nyingi, na hii imeokoa ndoa nyingi ambazo upande mmoja unataka jina la dini hii na upande wa pili unataka la lugha ile.

Angalia mfano. Mnataka jina la neema? Kuna Neema lenyewe, kuna Grace, kuna Hana na Anna ambayo asili yake ni Kiebrania na maana ni hiyohiyo. Zawadi? Kuna Zawadi, kuna Hiba kwa Kiarabu, kuna Dorothea ambalo kwa Kigiriki ni zawadi ya Mungu. Lulu ni Lulu, na Margaret nayo ni lulu kwa Kigiriki. Nyota unaipata kwenye Najma kwa Kiarabu na Stella kwa Kilatini, na Zuhura ni ile sayari inayong'aa kuliko nyota zote alfajiri au jioni. Amani ni Irene. Nuru unaweza ukachukua Nuru au Munira au Lucia. Tumaini kuna Amal, kuna Nadia kwa Warusi. Furaha kuna Leticia. Hekima ni Sofia. Uhai unao kwenye Aisha na kwenye Zoe. Naomi ni mwenye kupendeza. Debora ni nyuki, na Tabitha ni paa yule mnyama, Dorkasi pia ni paa, na mimi binafsi jina la paa kwa mtoto wa kike nalipenda kuliko hata ya maua.

Kwahiyo kama bibi wa upande mmoja aliitwa Margaret na familia ya upande wa pili inataka jina la Kiswahili, Lulu limewamaliza wote na hakuna aliyeshindwa.

Sasa tahadhari. Tovuti za majina zinaandika maana kwa uhakika mkubwa hata pale ambapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Jina Maria au Mariamu, wapo wanaosema asili yake ni uchungu, wapo wanaosema ni mpendwa, na mjadala wake ni wa miaka mingi. Jina ambalo sio la lugha yako mtafute mtu anayeongea hiyo lugha toka utotoni, muulize maswali matatu: linamaanisha nini, mtu wa rika gani anaitwa hivi, na je kuna neno baya linalofanana nalo. Swali la tatu watu wanalisahau halafu wanakuja kugundua mtoto ana miaka kumi.

Na usiwe mtumwa wa maana pia. Khadija kwa Kiarabu ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na Cecilia limetoka kwenye neno la Kilatini la kipofu, lakini Khadija linabebwa na heshima ya mke wa kwanza wa Mtume Muhammad na Cecilia ni mtakatifu wa wanamuziki, nani anakumbuka mengine? Waliolibeba jina wanaweza kulipa uzito kuliko kamusi.

Kitu kimoja nitakisema wazi maana kinanigusa: usimpe mtoto jina la shida zako. Najua majina kama Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko yapo na wenye nayo wengi ni watu wenye heshima zao, sio kwamba nawadharau. Ila hayo mambo yalikupata wewe mzazi, mimba ilikuwa ngumu, baba kaondoka, mlikuwa hamna kitu, na mtoto hakuwepo. Ukitaka kukumbuka mlikopita, chagua jina la mlikofika: Faraja, Subira, Rehema, Tumaini. Kumbukumbu ni ileile ila yeye anaitwa upande wenye mwanga.

HATUA YA 3: Jina la kurithi, ongeeni mapema

Ukitaka kumpa binti jina la bibi au shangazi na yupo hai, muulize kwanza, wengine wanalia kwa furaha na wengine hawalipendi jina lao tangu utoto ila hawajawahi kuulizwa. Kama bibi ni wawili na wote wanatarajia, tumieni jina la kwanza na la pili, na amueni lipi linatangulia kwa kigezo cha sauti (hatua inayofuata), maana mkiamua kwa kigezo cha nani anapendwa zaidi mmeanzisha vita. Na kama ndani ya nyumba moja watakuwa watatu wenye jina moja, basi kuanzia siku ya kwanza mpeni na jina la nyumbani, la sivyo ataitwa "mdogo" mpaka anaolewa.

HATUA YA 4: Liiteni kwa sauti

Mmebaki na majina kama kumi. Sasa simu wekeni chini.

Mmoja aingie chumba cha mwisho afunge mlango, mwingine aite. Ita mara tatu: kwanza kwa upole kama unamuamsha, pili kwa haraka kama anakimbilia barabarani, tatu kwa ukali kama kamwaga kitu. Jina linaloishia na a au i linabeba mbali, Zawadiii, Aminaaa, unalivuta linafika. Jina linaloishia na konsonanti linakatika mdomoni, na utaona mwenyewe watu watakavyoliongezea i au u mwishoni, Zainab atakuwa Zainabu na Miriam atakuwa Miriamu utake usitake. Kama hilo litakukera, chagua lingine sasahivi.

Kisha lisome pamoja na jina la baba na la ukoo, bila kupumzika, kama mwalimu anayeita rejista. Hapa majina mengi mazuri yanakufa. Jina linaloisha na a likifuatiwa na jina linaloanza na a yanameza, Amina Ali unasikia Aminali. Jina lenye l na r nyingi zimefuatana linachosha ulimi. Majina mawili yenye mwisho mmoja yanageuka wimbo, hilo wengine wanalipenda, ila liwe umelichagua kwa makusudi. Angalia na urefu: ukoo wenye silabi tano unapumua vizuri na jina fupi, Asha, Hawa, Eva, na ukoo mfupi unapendeza na jina refu.

Halafu majina ya ndugu zake. Sisi tulikuwa tumelipenda sana Naima, dada yake tayari ni jina linaloanza na Ne na kuishia na ma, tulipojaribu kuita toka uani dada mtu akaitika mara zote tatu. Likafutwa siku hiyohiyo, huku mama yake anasikitika. Ila fikiria ungeishi hivyo miaka kumi na nane.

Kuna na vifupisho. Fatuma atakuwa Fatu, Khadija atakuwa Dija, Elizabeth atakuwa Eliza au Beti, na mzazi huna uwezo wa kuzuia, kwahiyo jiulize kama kifupi chake unakiweza. Kama huwezi kusikia binti yako anaitwa Beti, usimuite Elizabeth. Na kaa kama mtoto wa darasa la tatu mwenye utundu, tafuta jina linafanana kwa sauti na neno gani la kuchekesha, maana wenzake watatafuta na watapata. Herufi za mwanzo nazo ziangalie, zikitokea M.B.U ubao wa matokeo shuleni hautamsamehe.

Mwisho kabisa, chukueni majina matatu ya juu, kila moja liishi nyumbani siku tatu. Asubuhi unaisalimia mimba kwa jina hilo, unasema "Zuhura leo anapiga mateke", mnakula mnamtaja, mnalala mnamtaja. Utashangaa, siku ya pili kuna jina linakuwa zito mdomoni na lingine unalisema bila kujua. Sikia huo ulimi. Na yeye mwenyewe hatachelewa kulijua, watafiti walishaonyesha kwamba mtoto wa miezi minne na nusu anaugeukia mlio wa jina lake kuliko majina mengine, kabla hata hajajua kukaa.

HATUA YA 5: Liandikeni

Jina la mdomoni likifika kwenye karatasi linakutana na mambo mengine kabisa. Dada yangu jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi h, kwenye cheti cha shule haina, na kwenye kitambulisho kuna mtu alimuongezea u mwishoni. Kila anapoomba kitu muhimu anaenda kula kiapo kwamba hao watu watatu ni yeye mmoja. Miaka yote hiyo kwasababu ya herufi mbili.

Kwahiyo kaeni chini mchague spelingi moja. Fatma, Fatuma au Fatima? Aisha au Asha? Khadija au Hadija? Mariam, Maryam au Miriam? Zote ni sahihi, ila yake ni moja, na iandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi mbili, moja ya baba moja ya mama. Ushauri wangu chagueni spelingi ambayo mgeni akilisikia jina ataiandika vilevile bila kuuliza. Herufi za ziada za kupamba, zile y mbili na h katikati, anayezilipia ni mtoto, kila dirisha atakalosimama atasema "hapana, ni kwa y".

Kuna na pasipoti. Pale chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili inayosomwa na mashine, kila mmoja nafasi 44, na kwenye mstari wa juu majina yote yamepewa nafasi 39 tu, ukoo na majina mengine pamoja na alama za kutenganisha. Kwenye majina mashine inajua A mpaka Z peke yake, ile alama ndogo ya juu iliyopo kwenye neno ng'ombe inaondolewa, kistari kinageuzwa kuwa alama ya kutenganisha. Jina likizidi linakatwa. Hesabuni herufi za majina yote mkiweka nafasi moja kati ya jina na jina (baada ya ukoo ni mbili), na kama mmefika 40 basi punguzeni moja la katikati.

Majina kama Imani, Furaha, Baraka yanaitwa wa kike na wa kiume. Mazuri tu, ila muwe tayari ataandikiwa barua za "Bwana" mara kwa mara.

Na sheria inaweza kuingilia. Ufaransa mahakama iliwakatalia wazazi waliotaka binti yao aitwe Nutella, ikaamua aitwe Ella. New Zealand mwaka 2008 jaji alimuweka msichana wa miaka tisa chini ya ulinzi wa mahakama ili jina lake libadilishwe, jina lenyewe lilikuwa sentensi nzima kuhusu kucheza hula, ngoma ya Hawaii, na mtoto alikuwa anawaficha hata marafiki zake. Iceland ina kamati maalum ya majina. Kwenu kama kuna orodha au masharti, ulizeni kabla ya kuwatangazia ndugu.

Jina la mtu maarufu aliye hai au la kitu kinachovuma, mimi nasema kaa nalo mbali kidogo. Mtu maarufu leo, kesho hujui atafanya nini na jina libaki kwa mwanao. Hata jina la kawaida linaweza kutekwa: Amazon walipotoa spika yao ya kuongea nayo mwaka 2014 ikawa inaitikia Alexa, na kule Marekani wazazi wakaanza kulikimbia hilo jina ndani ya miaka michache, wakati wapo wasichana kibao tayari wanaitwa hivyo na kila siku mtu anawaamrisha wawashe taa.

HATUA YA 6: Bakini na mawili

Njia tuliyotumia ni nyepesi. Kila mzazi anaandika majina matano yaliyopita kwenye mitihani ya juu, mnabadilishana karatasi, kila mmoja anafuta mawili ya mwenzake, mnabaki na sita. Mnalala. Kesho mnarudia mpaka yabaki mawili, na hayo mawili mnaenda nayo kujifungua. Kwanini mawili? Kwasababu kuna wazazi wengi watakwambia walipomuona mtoto usoni lile la kwanza halikumkaa, sijui kwanini lakini linatokea, na ukiwa na la pili umeshalijaribu huna presha.

Na mkishachagua nyamazeni. Jina kabla mtoto hajazaliwa kila mtu anaona ana haki ya kulikunjia uso, akishazaliwa na anaitwa hivyo watu wanalipokea tu. Mwambieni mtu mmoja au wawili mnaowaamini, basi.

HATUA YA 7: Siku ya kuandikisha

Jazeni fomu wenyewe, msimtajie mtu kwa mdomo akaandika anavyosikia. Kama lazima karani aandike, mpe ile karatasi ya herufi kubwa. Akimaliza, kabla ya kuweka saini soma herufi moja moja kwa kidole: jina la mtoto, jinsia, tarehe, majina ya wazazi yafanane na vitambulisho vyenu. Usione aibu kuna foleni nyuma, wangoje. Kosa likionekana palepale linarekebishwa, likionekana baada ya miaka ni safari na viapo. Piga picha cheti, na hakikisha kadi ya kliniki ina spelingi hiyohiyo maana mara nyingi shule zinanakili kutoka pale.

Na kama baada ya miezi mnajuta? Badilisheni, tena mapema, kabla hajaanza shule, wakati karatasi zake ni mbili tatu. Sehemu nyingi sheria inaruhusu, ulizeni kwa msajili utaratibu wenu.

Jambo la mwisho mlifanye wiki hiyohiyo kabla hamjasahau. Andikeni ukurasa mmoja kwa mkono: tulikuita hivi kwasababu hii, maana yake hii, bibi yako alisema hivi, majina mengine tuliyoyafikiria ni haya, wekeni tarehe na saini zenu wote wawili, muweke pamoja na cheti. Wa kwangu alipofika miaka sita aliniuliza mbona anaitwa hivyo, nikautoa ule ukurasa nikamsomea, akaniambia nirudie tena pale kwa bibi.